Swali la Mwisho Baada ya Mechi

Jumatatu, 4 Februari

Baridi ya kukata masikio. Gari limegoma kuwaka, nimekuja kazini kwa miguu, kope zimegandana. Minnesota yetu hii!

Lindahl, bosi wangu, kafunga mlango kabla ya kuongea — yeye, ambaye hafungi mlango hata akinywa supu. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe anayeondoka ni yeye! Juni anahamia Arizona kwa binti yake, amechoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. "Kiti hiki kitakuwa wazi," akasema, akikipigapiga kama anauza ng'ombe. "Bi. Varney anakuangalia wewe. Usiharibu." Bi. Varney ndiye mkurugenzi wa michezo hapa chuoni. Akimwangalia mtu, mtu huyo ama anapanda ama anafungasha virago.

Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji, nacheka peke yangu. Mkuu wa mawasiliano ya michezo, Chuo cha Tolliver. Mimi! Niliyekuja hapa kucheza mpira wa kikapu nikaachwa siku ya kwanza ya majaribio. Kocha Tveit, wa timu ya wasichana, ndiye aliyeniacha. Ndiye pia aliyenikuta nalia kwenye ngazi, akanipa kalamu na karatasi ya takwimu. "Kostecki, miguu yako mizito, lakini macho yako hayalali. Kaa mezani, nihesabie ribaundi." Toka siku hiyo sijainuka mezani. Nahesabu mipira inayodakwa ikikosa kikapu, naandika habari za mechi, nawabembeleza waandishi wa magazeti waje, na kila Mei nasubiri kuambiwa kama mkataba wangu wa mwaka mmoja utaongezwa mwaka mwingine.

Nimempigia mama. Kauliza mshahara kabla ya kunipongeza.

Jumanne, 5 Februari

Kumbe jana nilicheka bure.

Bi. Varney kaniita ofisini. Lindahl alikuwa ameshafika, anatazama viatu vyake. Kocha Tveit anaondolewa. Ataambiwa Jumatatu ya tarehe 18, msimu ukiwa umekwisha. Misimu mitano mfululizo tumeshindwa mechi nyingi kuliko tulizoshinda, na wakubwa wa chuo wanataka mtu kijana, wa kuvutia wachezaji.

Bi. Varney hakulisema kwa furaha, nimtendee haki. Alisema hataki wasichana wavurugike katikati ya msimu, wala hataki mzee amalizie mechi zake za mwisho na jambo hilo kichwani. Atamwambia mwenyewe, ana kwa ana. Mpaka siku hiyo tunajua wanne tu: yeye, rais wa chuo, Lindahl na mimi.

Mimi — kwa sababu tamko nitaliandika mimi. "Unamfahamu kuliko sisi wote," akasema. "Liwe zuri. Liwe na heshima." Halafu nikiwa nimeshashika kitasa, akasema kazi ya Lindahl inataka mtu anayeweza kukaa na jambo.

Ndivyo kazi yetu ilivyo. Habari njema tunaitoa ikiwa ya moto. Mbaya tunaipika siku nyingi kabla, na mwenyewe hajui kama kuna chungu mekoni. Niliwahi kuliandika la kocha wa besiboli hivi hivi, nikalala usingizi mzuri. Lakini yule sikuwahi kula kwake.

Lindahl alinisindikiza mpaka ngazini. Siku ya kwanza kabisa alinifundisha kwamba mezani hatushangilii na mezani hatulii. Anayekaa meza ya takwimu hapigi hata kofi moja, timu yake ishinde isishinde. Leo kaongeza: na nje ya meza pia, Renee.

Jumatano, 6 Februari

Tumeshinda! Nyumbani, dhidi ya St. Osmund, kwa pointi mbili. Mpira wa mwisho kaufunga Tasha Brevik, nahodha, huku anaanguka. Nusura nipige makofi. Nikaikalia mikono yangu.

Tasha yuko mwaka wa mwisho. Kitabu cha timu kinasema ana futi sita. Hana! Kila vuli anakuja kuniomba inchi moja ya ziada nami namwongezea. Urefu ndio uongo pekee ambao kazi yetu inauruhusu mchana kweupe. Kila chuo kinafanya, kila mtu anajua, hakuna anayeumia.

Baada ya mechi nikamrekodi Kocha kwenye korido, kama siku zote, yeye kaegemea ukuta, tai ameilegeza. Mahojiano yetu yana mwisho wake. Nikishamaliza mambo ya mechi namuuliza, "Na mbele, Kocha?" Naye anajibu, "Mbele kuna theluji, Kostecki. Endesha polepole." Hata Septemba, jua linawaka, anajibu hivyo hivyo. Kisha nazima rekoda. Sehemu hiyo haijawahi kutoka popote, naikata mwenyewe kabla ya kuwatumia redio. Nilianza nikiwa mwanafunzi, sikujua mahojiano yanamalizwaje. Ikawa letu.

Leo nimeuliza. Nikaitazama rekoda, si uso wake. Lois, mkewe, alikuwa anamsubiri pale. Akanishika shavu. "Umekonda wewe mtoto. Wanakulisha nini huko ofisini?" Akanipa boksi la vipande vya keki ya limau alivyooka mwenyewe. Nimevila vyote nikiwa nimesimama jikoni na koti sijavua.

Jumamosi, 9 Februari

Wexford wametuchapa kwao. Nimeandika kwenye tovuti kwamba tulipambana. Hatukupambana.

Hilo si kitu. La leo lilikuwa kwenye basi, tukirudi, mashamba meupe pande zote na wasichana wamevaa vitu vyao vya masikioni. Kocha akaja kukaa karibu yangu na mfuko wake wa mbegu za alizeti. Akatoa kofia kwenye koti, njano na kijani, mbaya haijapata kuonekana. Shule ya sekondari ya Alder Falls, mji aliozaliwa, wanamtaka awe kocha wao na mwalimu wa mazoezi. Wametanguliza kofia! Dada yake Lois anaishi huko huko. Wanataka jibu Ijumaa hii, la sivyo wanamchukua mwingine.

"Utakubali?" Nimeuliza haraka mno.

"Ala! Unataka nikuondokee?" Akacheka. "Lois ndiye anayetaka. Kofia ameshaijaribu mbele ya kioo. Mimi nina wasichana wanne wanakuja vuli. Nimekaa sebuleni kwa wazazi wao, nimekula viazi na nyama ya oveni ya kila mama wa jimbo hili, nikawaahidi nitakuwepo. Ijumaa nawapigia Alder Falls, nawaambia asanteni."

"Si ufikirie kwanza."

"Nimeshafikiria."

"Basi fikiria tena, Kocha."

Akanitazama, akanimiminia mbegu kiganjani. "Umeanza kuzeeka, Kostecki. Unaongea kama Lois."

Nikageukia dirishani. Nilitaka kulia, na siruhusiwi.

Akiwakatalia Ijumaa, Jumatatu atakuwa hana chuo wala shule. Ana miaka sitini na moja na hajui kazi nyingine duniani. Ninalijua hilo, na nimekaa naye bega kwa bega, nakula mbegu zake.

Jumapili, 10 Februari

Tamko. Siku nzima.

"Chuo cha Tolliver kinamshukuru Gordon Tveit kwa utumishi wake uliotukuka..." Kilemba cha ukoka mstari kwa mstari. Niliandika kwamba anawatumia wachezaji wake wa zamani kadi ya siku ya kuzaliwa, hata walioshakuwa na wajukuu. Nikafuta. Nikaandika kwamba alimfundisha Tasha kuendesha gari kwenye barafu, uwanja wa maegesho, Jumapili kama hii. Nikafuta. Tamko halina mahali pa vitu vya kweli.

Lindahl kanitumia sentensi ya kutumia: "Chuo na Kocha Tveit wamekubaliana kuachana." Wamekubaliana lini? Mmoja wao hata hajaulizwa!

Nilishika simu. Namba yake naijua kwa moyo. Nikaiweka. Mtu akivujisha katika kazi hii amekwisha; wakurugenzi wa michezo wanajuana wote, kila kiangazi wanakutana kwenye mkutano ule ule, wanakula kuku mkavu yule yule, na majina yanatajwa. Nitaishia kuuza bima na kaka yangu. Lakini si hofu tu, nisijidanganye. Bi. Varney kanieleza jambo nami nikaitikia. Waandishi wanapokea simu yangu kwa sababu nikisema jambo liko hivi, liko hivi. Sina mtaji mwingine. Nikiuvunja leo kwa sababu nzuri, kesho nitauvunja kwa sababu ya namna gani?

Na Kocha je? Naye si aliniamini, siku ile kwenye ngazi, wakati sina hata cha kuaminiwa?

Kichwa kinaniuma. Nimekula mkate mkavu na nimelala na viatu.

Jumatatu, 11 Februari

Tamko limepita. Bi. Varney kasema limemgusa. Akanishika bega.

Najichukia kidogo. Nimefurahi pia, hilo ndilo baya zaidi.

Jumatano, 13 Februari

Tumeshindwa ugenini, kwa heshima safari hii. Nimekaa nyumbani na chai, najaribu kuandika kilichotokea sawasawa.

Korido ya chuo cha watu, inanuka klorini ya bwawa lao la kuogelea. Kocha kaegemea ukuta. Nikauliza juu ya ulinzi, akajibu. Nikauliza juu ya goti la Tasha, akajibu, litapona kwa kubandikwa barafu. Nikauliza juu ya Jumamosi, mechi ya mwisho ya msimu, siku ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho. Akajibu vizuri, mpaka akacheka.

Halafu nikafungua mdomo kuuliza lile la mwisho, halikutoka.

Si kwamba niliamua kutouliza. Wala si kwamba nilijaribu nikashindwa. Nilimwona tu mbele yangu na tai yake imelegea, ameshajiandaa kusema theluji, na nikajua nikimuuliza "na mbele" nitakuwa namchezea. Mbele yake naijua mimi, yeye haijui. Kumuuliza ingekuwa uongo unaozidi inchi.

Nikazima rekoda. Nikasema, "Asante, Kocha."

Hakuondoka. Alibaki ameegemea, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia mlango unagongwa halafu kimya. Mimi nikajishughulisha na zipu ya mkoba. Wasichana wakamwita, basi liko tayari. Akaenda.

Njia nzima alikaa mbele, peke yake. Mbegu hakuleta.

Alhamisi, 14 Februari

Sikukuu ya wapendanao. Mtu kaweka chokoleti kila meza ofisini. Yangu sijaigusa.

Kocha kaja baada ya chakula cha mchana. Lindahl alikuwa benki. Kocha akasimama, akachukua kitabu cha timu, akakifunuafunua.

"Jana ulisahau swali," akasema.

"Nilichoka, Kocha."

"Mwaka ule ulipopoteza sauti kwa homa, ulikuwa umechoka pia. Uliliandika kwenye karatasi ukaniinulia usoni. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Nikapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Sikuulizi kitu, mwanangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, mimi ni Kostecki tu kwake. "Nikikuuliza utalazimika kujibu, na mimi sitaki ujibu. Kwa hiyo sikuulizi." Akafika ukurasa wa Tasha, akacheka puani. "Bado mnampa ile inchi."

"Anapenda."

"Mpeni. Haimdhuru mtu." Akakirudisha kitabu mezani taratibu. "Lakini wewe zaidi ya inchi moja huwezi, Kostecki. Hujawahi kuweza."

Akachukua chokoleti yangu, akaondoka anaimenya.

Nimekaa nafikiria toka saa ile. Nilifanya makusudi? Nikiulizwa na Bi. Varney, naweza kumkazia macho nikasema sikumwambia Kocha hata neno moja, na itakuwa kweli tupu. Sikumwambia neno. Nilimnyima neno, akaelewa. Sijui kama hiyo ni kutunza siri au ni kuitoa. Ningekuwa nimepanga, ningejua la kujilaumu. Sikupanga. Au nilipanga mahali ambako mwenyewe sifiki.

Ijumaa, 15 Februari

Leo ndiyo mwisho wa Alder Falls.

Mlango wa Kocha umefungwa asubuhi yote. Nimepita mara nyingi kuliko nilivyokuwa na sababu. Sauti yake inasikika, maneno hayasikiki.

Lindahl kaniuliza, nimeongea na Kocha? Nikasema kuhusu nini. Akasema vizuri sana, na akaendelea na supu yake.

Mazoezi ya jioni Kocha alikuwa yule yule. Kawapigia kelele, kawatania. Mimi hakunitazama wala hakunikwepa. Sijui alichowajibu. Siwezi kuuliza. Nimejifungia mwenyewe nje.

Jumamosi, 16 Februari

Mapumziko ya nusu ya mechi. Naandika nyuma ya karatasi ya takwimu. Daftari liko nyumbani, na nisipoandika sasa nitapasuka.

Tunaongoza kwa tisa. Ukumbi umejaa, mpaka wachungaji wa makanisa mawili wamekuja, na mtu wa gazeti la mjini kakubali kuikosa mechi ya magongo ya barafu. Kabla ya mpira kuanza waliagwa wa mwaka wa mwisho. Mimi ndiye niliyesoma majina kwenye kipaza sauti. Nilipofika kwa Tasha nikasema futi sita, na akanikonyeza kutoka katikati ya uwanja, maua yamemfunika uso.

Bi. Varney kaja kukaa mezani, kiti cha pembeni yangu. Hajawahi. Amekuja kwa wema, nadhani, ili nizoee. Mapema alininong'oneza kwamba Jumatatu nije na suti.

Halafu nikamwona Lois. Safu ya tatu, nyuma ya benchi letu, mahali pake pa siku zote. Ukumbi mzima bluu, rangi yetu — na yeye kichwani kavaa kofia ya njano na kijani! Anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Nikakosa kuandika ribaundi moja. Sijawahi kukosa ribaundi. Nimeuliza upande wa pili wa meza wakanisaidia.

Bi. Varney naye akaiona. "Ile kofia ya wapi?" Nikasema ya Alder Falls. Akasema hata haijui Alder Falls. Nikasema ni mji mdogo, kaskazini.

Kengele ya mapumziko ikalia. Timu zikaelekea vyumbani. Kocha alikuwa wa mwisho, kama kawaida, na ilimbidi apite mbele ya meza. Akasimama. Akamsalimia Bi. Varney kwa adabu zote, akamuuliza hali ya mume wake. Kisha akanigeukia.

"Kostecki. Leo baada ya mechi usisahau lile swali lako. Nina jibu jipya." Akagonga meza kwa vidole viwili akaenda zake.

Printa inatema karatasi, kijana wa redio anazisubiri, mimi sizigusi.

"Swali gani hilo?" Bi. Varney akauliza.

"La mwisho. Huwa namuuliza, na mbele, Kocha? Namuuliza kila baada ya mechi."

"Kila mechi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Rekodi nazikata mwenyewe, hakuna ambaye angejua. Neno moja tu, na Jumatatu navaa suti, naweka mkono kwenye kile kiti.

"Isipokuwa ya Jumatano," nikasema. "Jumatano sikumuuliza."

Alinitazama. Akatazama safu ya tatu, ile kofia, muda mrefu. Akanitazama tena. Yeye ni mwerevu, sikuhitaji kumfafanulia kwamba Kocha ameshajua. Shavu lake limekuwa jekundu kidogo. Ameinuka, ameenda kusimama pale mlango wa korido, mikono kaifumbata, palepale nitakapomrekodi Kocha.

Sijui kama amesimama kunisubiri mimi au kumsubiri Kocha.

Timu zinarudi uwanjani. Tasha ananipungia. Nimebadilisha betri za rekoda, nimeiweka mfuko wa mbele, sitamumunya maneno. Nitauliza kwa sauti, mtu wa gazeti asikie, Bi. Varney asikie, na safari hii sehemu ya mwisho siikati.